MGB GT ya 1972 iliyofungwa V8: uandike thamani gani kwenye bima?

Swali (kwa ufupi; barua nzima ilikuja na risiti, matangazo na maelezo mengine ninayoyarejea chini): "Shikamoo mzee. Niko Kisasa, hapa Dodoma. Baba mdogo aliniachia MGB GT ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, na miaka minne sasa nalihangaikia. Nimetoa injini ya asili nikafunga V8, injini ya silinda nane, iliyotoka kwenye Range Rover, giaboksi ya gia tano, breki kubwa za mbele, shokapu mpya, viti na rangi. Risiti zangu zote zinafika Sh milioni 31. Wakala wa bima kaangalia mwaka kwenye kadi, kaandika milioni 9. Rafiki yangu aliyeko Uingereza ananitumia matangazo ya V8 za pauni 21,000 na kunisihi nisikubali chini ya hapo. Niandike ngapi kwenye fomu? Na hii injini niitaje, au nikae kimya?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ukilikosea hilo, hata ukiandika tarakimu gani ni kazi bure. Itaje. Itaje kwa namba yake, kwa ujazo wake, na kwa siku iliyofungwa.

Mwaka 2011 kampuni moja ya bima ilinituma kukagua Ford Capri iliyoungua kwenye barabara ya Iringa, kilomita chache kabla ya kufika Mtera. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye jiwe, shati limejaa masizi, anasema gari lake lina bima kubwa na ada amelipa mwaka wa tatu bila kukosa. Kadi ilisema cc 1,600. Niliinamia kile kilichobaki chini ya boneti, nikahesabu plagi. Zilikuwa sita. Ile ilikuwa injini ya Toyota ya silinda sita, na hakuna karatasi hata moja iliyoitaja: si kadi, si fomu ya bima, wala barua. Moto wenyewe ulianzia kwenye paipu ya mafuta iliyounganishwa kienyeji ili ifikie injini hiyo mpya. Niliandika nilichokiona, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Hakulipwa hata senti. Sikuandika uongo, lakini mpaka leo nikipita Mtera namkumbuka yule bwana, kwa sababu kama angesema ukweli tangu mwanzo angeongezewa ada kidogo, basi, na siku ile angelipwa.

Bima husimama juu ya msingi mmoja: anayekatiwa bima ndiye anayelijua gari lake, kampuni hailijui. Kwa hiyo sheria inamtaka aseme kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni akubali, akatae, au apandishe ada. Kutoka cc 1,798 kwenda cc 3,528 ni jambo la namna hiyo bila ubishi wowote. Kwa hiyo kabla hujarudi kwa wakala, peleka gari kwa mkaguzi wa magari wa Polisi Usalama Barabarani, kisha TRA warekebishe kadi: namba ya injini, ujazo, na rangi kama umeibadilisha. Nenda na hati uliyonunulia ile injini na nakala ya kadi ya Range Rover ilikotoka. Injini isiyo na asili inayojulikana itakusumbua polisi kwanza, bima baadaye.

Sasa tuje kwenye thamani. Mbele yako zipo tarakimu tatu, na zote tatu zinajibu maswali ambayo hukuyauliza.

Milioni 9 ya wakala ni jibu la swali "gari la miaka zaidi ya hamsini lina thamani gani?" Amefanya kama anavyofanya kwa Corolla au Noah: mwaka ukisogea, bei inashuka. Kwa magari ya kila siku hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwa gari la aina yako haina maana, kwa sababu gari kama hili likishavuka umri fulani bei yake haifuati tena mwaka, inafuata hali yake na kupatikana kwake. Simlaumu wakala. Huenda hajawahi kukatia bima MGB hata moja. Ila usisaini.

Pauni 21,000 za rafiki yako ni bei ya gari jingine. Nimeyatazama yale matangazo matano uliyonitumia, na mawili ya bei ya juu yote ni MGB GT V8 zilizotoka na V8 kiwandani Abingdon. Kiwanda kilitengeneza 2,591 tu, kikaacha mwaka 1976. Namba ya chasi ya gari la namna hiyo huanza na GD2D1. Lako ni la 1972, kabla hizo hazijaingia sokoni, na namba yake inaanza na GHD5, yaani GT ya silinda nne. Tofauti hiyo huwezi kuifuta kwa spana. Mnunuzi anayelipa pauni 21,000 analipia herufi zile kwenye kibao, na historia inayokwenda nazo. Kwako analipia gari zuri lililobadilishwa vizuri, kama limebadilishwa vizuri kweli. Hilo nalirudia mbele.

Milioni 31 ya risiti zako nayo, nisamehe kwa kusema hivi kwa mtu aliyekesha gereji, si thamani. Ni gharama. Kuna fedha uliyoweka ikakaa ndani ya gari, na kuna fedha uliyoweka ikapotea. Kampuni ya bima haikulipi kwa sababu uliteseka. Inakulipa kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali.

Maneno hayo ndiyo yanayotupa swali la kweli: likiteketea leo usiku, ungehitaji shilingi ngapi, kwa njia ya bei nafuu iliyo ya halali, ili uwe tena na gari la hali ile ile? Jiulize hivyo, halafu chukua kalamu.

Njia ya kwanza ni kuagiza jingine. Tangazo moja kati ya yale matano linafanana na lako: GT ya silinda nne iliyofungwa V8 baadaye, kwa pauni 12,000. Bei ya tangazo si bei ya kuuzia, kwa hiyo nakata asilimia 10, zinabaki 10,800. Usafiri wa meli na bima yake mpaka Dar es Salaam nimeweka 1,700 kama ulivyoambiwa na wasafirishaji. Jumla pauni 12,500, na tukichukua pauni moja kwa Sh 3,400 kwa ajili ya hesabu, ni Sh milioni 42.5 likiwa bandarini. Hapo ndipo kodi zinapoanza. Ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi cc 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limezidi miaka 10. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Piga mwenyewe utaona kila Sh 100 ya gari bandarini inageuka Sh 206 na senti 50. Milioni 42.5 inakuwa karibu milioni 88, na bado sijagusa tozo ndogondogo, wakala wa forodha, wala kulileta Dodoma.

Naona unavyofurahi. Subiri.

Milioni 88 ni gharama ya kuleta, lakini hakuna mtu hapa nchini ambaye angekupa milioni 88 kwa gari hili, na mkataba wa kawaida wa bima unalipa thamani ya soko ya hapa, si ya Birmingham. Tena kampuni itauliza, na ina haki ya kuuliza, kama hakuna njia nafuu zaidi. Ipo. Wewe mwenyewe umeshaipita.

Njia ya pili ni kununua MGB GT nyingine iliyolala hapa Afrika Mashariki yenye bodi nzima na kadi, kisha kuifanyia ulichofanya. Uliniambia kuna iliyouzwa Arusha miaka miwili iliyopita ikiwa haiwaki, kwa milioni 14, na una ujumbe wa muuzaji. Uhifadhi ujumbe huo kama unavyohifadhi kadi, ni ushahidi. Tuanzie hapo. Juu ya milioni 14 tuweke risiti zako 31, lakini tutoe kilichopotea: ile rejeta ya kwanza ya Sh 650,000 iliyoshindwa kuipoza V8, na ile rangi ya kwanza ya Sh 2,450,000 iliyobabuka ikabidi ikwanguliwe yote. Hizo ni milioni 3.1, zinabaki 27.9. Ukijumlisha na 14 unapata 41.9. Halafu kuna kazi uliyoifanya na binamu yako bila kulipana, ambayo fundi wako wa Kizota anaikadiria milioni 3.6 kwa bei yake ya siku. Iweke. Wengi huisahau, na kampuni haitaikataa ikiwa imeandikwa na gereji inayojulikana, kwa sababu mara ya pili huenda binamu hatakuwepo. Tumefika 45.5. Mwisho toa uchakavu: matairi yameshatembea, viti vimekaliwa, klachi si mpya. Mimi nimetoa milioni 2.5.

Inabaki milioni 43.

Hiyo ndiyo tarakimu ninayokushauri uiandike, na unaweza kuitetea kwa karatasi mstari kwa mstari. Ukibanwa, usishuke chini ya 40. Ukishawishiwa kupanda mpaka 60 au 88, kataa. Ada ya bima kubwa ya gari binafsi tuliyoizoea ni asilimia 3.5 ya thamani. Kwa milioni 43 ni Sh 1,505,000 kwa mwaka kabla ya VAT. Kwa milioni 88 ni Sh 3,080,000, na chini ya mkataba wa thamani ya soko hiyo ziada ungeitoa kila mwaka kununua fidia ambayo siku ya msiba hutaipewa.

Lakini hizi milioni 43 zinakubalika kwa sharti moja: kwamba gari lako ni zuri kama unavyosema. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mkaguzi atakayekuja hatasoma risiti zako kwanza. Ataenda kwenye vizingiti vya chini ya milango.

Kwenye MGB vile vizingiti si urembo. Gari halina chasi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi ndiyo mifupa, na uti wa mgongo wake umo humo pembeni, chuma tatu zimechomelewa pamoja. Mtu akiziba kutu kwa puti na kupaka rangi juu, gari linang'aa huku linajikunja. Mimi hutembea na sumaku ndogo niliyoifunga kwenye leso ili isikwangue rangi. Naanza nyuma ya gurudumu la mbele, naivuta polepole kuelekea nyuma. Inaposhika, pana chuma. Inapoteleza na kudondoka mkononi, pana puti. Fanya hivyo mwenyewe Jumamosi, kabla mtu mwingine hajakufanyia. Bahati yako ni mji huu. Gari lililokaa Dodoma tangu baba mdogo alinunue limekaa kwenye hewa kavu miezi saba minane ya mwaka. Lingekuwa Tanga au Dar es Salaam, chumvi ingekwishalila. Kama una karatasi au picha za zamani zinazoonyesha lilikaa huku siku zote, ziweke kwenye faili. Nimeona jambo hilo dogo likiwatuliza wakaguzi kuliko rangi ya gharama.

Kisha ataangalia ile V8 imefungwaje. Injini hiyo ya Rover ina sifa moja nzuri sana: ni ya alumini, kwa hiyo uzito wake haupishani sana na ile ya chuma ya silinda nne iliyotoka. Ndiyo maana hata kiwanda kiliichagua. Lakini gari la 1972 halikutayarishwa kwa ajili yake. Nafasi kati ya kuta za ndani za sehemu ya injini ni finyu, na mafundi huzipiga kuta hizo nyundo au kuzikata ili mabomba ya ekzosi yapite. Kama wako alizipiga kwa adabu na kuchomelea vipande vya kuimarisha, sawa, ithibati ni picha za siku ile. Kama alikata na kuacha kingo tupu, hapo thamani inashuka, na mimi mwenyewe ningekukata milioni kadhaa.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Difu ya MGB ya silinda nne ina uwiano wa 3.9, kiwanda kwenye V8 kiliweka 3.07. Ukiiacha ile ya zamani nyuma ya V8, gari linaruka kama mbuzi kwenye taa za barabarani, lakini ukiwa safarini kwenda Morogoro injini inalia juu muda wote bila sababu. Hukuitaja difu kwenye barua yako. Kama umebadilisha, iandike. Kama hujabadilisha, jua mkaguzi anayeyajua magari haya ataiuliza kabla ya kuuliza viti.

Breki umefanya vyema. Hilo litasemwa kwa faida yako, maana nguvu iliyoongezeka bila breki kuongezeka ni sababu tosha ya kampuni kukataa. Kuhusu joto, washa gari asubuhi moja uingie nalo kwenye foleni ya kuelekea Mji wa Serikali, Mtumba, ukiwa na mtu anayepiga picha ya geji kila baada ya dakika tano. Ukifanya hivyo mwezi Oktoba jua linapowaka na sindano ikabaki katikati, una ushahidi kwamba rejeta ya pili inafanya kazi.

Viti, usukani na rimu usizihangaikie sana. Ni vitu vya ladha. Kwa kawaida vinarudisha sehemu ndogo ya bei yake, na ndiyo maana kwenye uchakavu nimevikata zaidi.

Sasa nieleze kwa nini nina wasiwasi mkubwa na ile milioni 9, kuliko unavyofikiri. Wengi hudhani hatari ya kuandika thamani ndogo ni kulipwa kidogo gari likiisha kabisa. Hiyo ni hatari ndogo kati ya tatu.

Ya pili ni sharti la wastani, ambalo limo kwenye mikataba mingi. Linasema hivi: kama gari lina thamani ya 43 na wewe umelikatia 9, basi wewe mwenyewe umekuwa kampuni ya bima kwa sehemu iliyobaki. Tuseme waya umeungua chini ya boneti na matengenezo ni milioni 8. Hulipwi 8. Unalipwa tisa ya arobaini na tatu ya milioni 8, yaani kama Sh 1,674,000, na hapo bado hawajatoa ile sehemu ya kwanza unayobeba wewe kwa kila dai, watu wa bima wanaiita ekses.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Gharama za matengenezo zikipita sehemu fulani ya thamani iliyoandikwa, mara nyingi nusu au zaidi kidogo kadiri mkataba unavyosema, kampuni huhesabu kwamba gari limekufa. Inakulipa thamani iliyoandikwa, na mabaki yanakuwa yake. Fikiria bodaboda ameingia ubavuni mwako pale mzunguko, mlango na kizingiti vimebonyea, fundi bodi anataka milioni 6. Kwa gari la milioni 43 hayo ni matengenezo ya kawaida. Kwa gari la "milioni 9" ni maiti. Watakupa 9 wakiondoa ekses, watalichukua gari lote, V8 yote, giaboksi yote, jina la baba mdogo lote, na kulinadi. Nimeshuhudia mtu akinunua mnadani kwa milioni 4 gari ambalo mwenyewe alikuwa amesimama nje ya geti akilitazama. Mnunuzi alilitengeneza kwa miezi miwili. Linatembea mpaka leo.

Kwa sababu hiyo, unapozungumza na kampuni, omba mambo mawili yaandikwe, na usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba "hilo halina shida."

La kwanza ni thamani ya kukubaliana. Ni tofauti na thamani ya soko. Kwenye thamani ya soko, tarakimu unayoandika leo ni dari tu, siku ya hasara wanaanza upya kubishana gari lilikuwa na thamani gani. Kwenye thamani ya kukubaliana, ubishi unafanyika leo, gari likiwa zima, kila mtu akiliona, na ukiisha umeisha. Sentensi unayoitaka ni ya namna hii: "Thamani iliyokubaliwa ya gari hili ni Sh 43,000,000 kwa mujibu wa ripoti ya tathmini iliyoambatishwa, na kiasi hicho ndicho kitakacholipwa gari likiibiwa au likiharibika lisiweze kutengenezeka." Mkataba utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole sentensi inayosema hivyo. Akishindwa kuionyesha, haipo. Si kampuni zote zitakubali. Zitakazokataa mara nyingi ni kwa sababu hawajui wapime vipi, ndiyo maana faili lako lazima liwatangulie. Kama wakala huyu hana mamlaka, nenda kwa dalali wa bima aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini; dalali huyo kazi yake ni kukutafutia kampuni, si kuuza bidhaa ya kampuni moja.

La pili ni haki yako ya kwanza ya kuyanunua mabaki, kwa bei itakayotajwa humo humo, gari likihesabiwa limekufa. Sentensi moja tu, lakini ndiyo inayozuia ule msiba wa getini.

Faili lenyewe lisiwe kubwa. Kadi iliyorekebishwa. Ripoti ya mthamini wa magari anayetambuliwa na kampuni, na mlipie wewe mwenyewe ili nakala iwe yako. Orodha ya mabadiliko yote kwa tarehe, sahihi ya fundi na bei. Risiti, zikiwemo zile za vitu vilivyoharibika, ukiziwekea alama kwamba hukuzihesabu, maana ukweli huo unafanya hesabu nyingine ziaminike. Picha ishirini hivi: nje pande nne, kibao cha chasi, namba ya injini ikisomeka, chini ya gari, zile kuta zilizokatwa. Na kitu kimoja ambacho hapa kwetu watu hawakijui: jumba la makumbusho la magari ya Uingereza lililoko Gaydon linatunza daftari za viwanda vya zamani, na kwa ada fulani linakutolea cheti cha gari lako kikionyesha siku lilipotengenezwa, rangi lililotoka nayo, namba ya injini ya asili na lilikopelekwa. Agiza cheti hicho. Kampuni inayoona cheti hicho kimelala juu ya faili haitakwambia tena kwamba hili ni gari kuukuu.

Kila mwaka kabla ya kuhuisha, pitia tarakimu upya. Bei za magari haya hupanda na kushuka, shilingi nayo vilevile, na ukiongeza kitu katikati ya mwaka waandikie siku hiyo hiyo, usingoje. Na ikitokea mmekubaliana yote haya kwa maandishi kisha siku ya dai wakageuka, usikate tamaa wala usisaini hati ya kumaliza madai. Ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na TIRA wenyewe makao yao yako hapa hapa Dodoma. Utaenda kwa daladala.

Limebaki moja, na nimeliacha makusudi kwa sababu limenikosesha raha tangu niliposoma barua yako. Umeandika kwamba injini ya asili "ipo tu nyuma ya nyumba, chini, tumeifunika gunia." Mwanangu, ile injini ndiyo nusu ya historia ya gari. Cheti kikija kutoka Gaydon, kitataja namba yake, inayopaswa kuanza na 18V, na kama inalingana na iliyopigwa kwenye ile iliyo nyuma ya nyumba, mnunuzi au mkaguzi yeyote anajua kwamba kinachotakiwa kulirudisha gari lilivyokuwa kipo mkononi mwako. Bima ya gari haiigusi injini iliyo nje ya gari, kwa hiyo iandikishe kwenye bima ya vitu vya nyumbani, na picha yake. Lakini kwanza itoe chini. Mimina oili kwenye matundu ya plagi, izungushe kwa mkono mara mbili tatu, rudisha plagi, ziba matundu ya kabureta na ekzosi kwa matambara safi, kisha ipandishe juu ya mbao ndani ya stoo yenye paa, kabla mvua za Desemba hazijafika.